Rangi ya Peugeot ya babu: thina, mnato na jicho la mwenye gari

Likizo ndefu iliyopita, wakati wenzangu wa mwaka wa pili wanakimbizana na barua za fildi, mimi niliimalizia Tanga, kwenye gereji moja ya uani katika zile barabara za namba, nikikoroga rangi. Wapo walioniona nimerudi chuo na kucha za buluu wakaniuliza kama nimehamia Sanaa. Hapana jamani, bado niko Kemia. Ila kuna mambo ya kemia ambayo nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari na kuyajibia mtihani bila kuyaelewa, na nimekuja kuyaelewa nikiwa nimeshika kopo la nyanya lenye tundu chini. Nimeombwa niyaandike, basi haya.

Gari lenyewe ni Peugeot 404. Babu alilinunua kwa mtu mwaka 1976, akiwa karani kwenye shamba la mkonge, na tangu injini igome miaka hiyo ya nyuma lilikuwa chini ya mwembe, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Kwa wasiolijua: 404 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likachorwa na Pininfarina wa Italia, ina vile vipembe viwili vya nyuma na gia inabadilishwa kwenye usukani. Huku kwetu jina lilikuzwa na Safari Rally. Ilishinda 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Hizo mbili za katikati aliyekuwa akiendesha ni Bert Shankland, dereva wa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell. Babu akianza hadithi ya Shankland chai inapoa mezani.

Mjomba alishamaliza injini. Lililobaki lilikuwa bodi na rangi, na hapo ndipo palipokuwa na haraka. Babu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alikuwa anasubiri tarehe ya upasuaji huku anaogopa kwamba itashindikana. Alisema kitu kimoja tu: anataka kuliona gari lake likiwa na rangi yake wakati bado anaona chochote. Fedha ilikuwa ya mjomba na sehemu ya bumu langu, na ilitosha kununua rangi mara moja. Kurudia hatukuwa na uwezo.

Tulichagua enameli, ile ambayo mafundi wengi wanaiita rangi ya mafuta. Kuna aina nyingine ya kisasa ya makopo mawili, rangi na kigumuzi chake, inayokauka haraka na kuwa ngumu kama kigae. Sikuitaka, na sababu si bei peke yake. Kigumuzi kile kina kemikali za jamii ya isosayaneti. Ukizivuta wakati wa kupulizia zinaweza kukupa pumu ya maisha, na barakoa ya kawaida haikukingi vya kutosha. Anayepulizia anatakiwa avute hewa safi inayoletwa kwa bomba kutoka nje. Gereji ya uani ina turubai na kompresa moja. Halafu, kwa maoni yangu, gari la zamani likipigwa rangi ile linang'aa kama vyombo vya plastiki. Enameli ina mng'ao mzito, wa ndani, unaofanana na umri wa gari. Fundi alikubaliana nami kwenye hilo, ingawa kwenye mengine tulibishana sana.

Sasa, enameli ni nini? Ndani ya kopo kuna vitu vinne. Kuna unga wa rangi, yaani pigmenti, ndio unaoonekana. Kuna utomvu unaoushika unga huo na kuugandisha kwenye bati. Kuna kiyeyushi kinachoufanya utomvu uwe majimaji. Na kuna vikaushio kidogo sana, chumvi za metali kama kobalti, vya kuharakisha mambo. Utomvu wenyewe unaitwa alkidi. Jina hilo lilibuniwa Marekani miaka ya 1920 kwa kuunganisha maneno mawili ya kikemia, alkoholi na asidi, kwa sababu ndivyo unavyotengenezwa: unachukua mafuta ya mimea kama ya kitani au soya, unayaunganisha na alkoholi kama gliserini na asidi fulani, unapata kitu kizito kama asali. Kabla ya hapo magari yalipakwa vanishi kama zile za magari ya farasi, na gari moja lilichukua wiki kadhaa kukauka. Rangi ya kwanza iliyovunja foleni hiyo ilikuwa ya jamii nyingine, ya nitroselulosi, iliyouzwa kwa jina la Duco na kutumika kwenye magari ya Oakland ya mwaka 1924. Ile jamii ya nitroselulosi ikumbuke, maana itatuletea balaa mbele.

Kitu ambacho darasani kilinipita ni hiki: enameli haikauki kama nguo kwenye kamba. Inakauka mara mbili. Mara ya kwanza thina inaruka hewani, na ndani ya saa kadhaa ukigusa kwa kidole haikushiki. Hapo watu wengi hudhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo inaanza. Yale mafuta ya mimea yaliyofungwa ndani ya utomvu yana sehemu zenye vifungo viwili kati ya kaboni na kaboni, na sehemu hizo zinavuta oksijeni kutoka hewani na kushikana mnyororo kwa mnyororo mpaka tabaka zima linakuwa wavu mmoja. Hilo linachukua siku, hata wiki. Fundi ana neno zuri kuliko langu. Yeye anasema rangi imekauka lakini haijaiva. Ndiyo maana pia kopo lililoachwa wazi huota ngozi juu huku chini kukiwa bado majimaji: oksijeni imefika juu, chini haijafika. Usiikoroge ile ngozi irudi ndani. Ikate pembeni kwa kisu, iinue yote, uitupe.

Thina kazi yake ni kupunguza mnato ili rangi iweze kupita kwenye pua ya bunduki na kupasuka kuwa matone madogo madogo. Ukiweka kidogo mno, matone yanakuwa makubwa, yanatua kwenye bati na kubaki yalivyotua, na ukiangalia kwa ubavu unaona ganda la chungwa. Ukiweka nyingi mno rangi inalia: inatiririka milangoni, haifuniki, na hata ikifunika tabaka linakuwa jembamba na mng'ao unakufa mapema. Swali la kila mtu ni kiasi gani. Jibu la kwanza liko kwenye kopo lenyewe, limeandikwa, na ajabu ni watu wangapi hawalisomi. Kwa enameli nyingi za kupulizia utakuta kati ya asilimia 10 na 25 hivi. Lakini hicho ni kiasi cha kuanzia tu, kwa sababu mnato unabadilika na joto, na asubuhi ya Tanga si sawa na saa nane mchana.

Fundi hupima kwa mti. Anachovya, anainua, anatazama uzi wa rangi unavyoshuka na kukatika. Miaka thelathini ya kazi, jicho lake ni kipimo. Mimi sina jicho hilo, kwa hiyo nilitaka namba. Viwandani wanatumia kikombe chenye tundu chini. Kile cha Ford namba 4, kwa mfano, kinabeba mililita 100 na tundu lake ni milimita 4 na kitu. Unakijaza, unaachia, unahesabu sekunde mpaka uzi wa rangi ukatike. Kwa kupulizia enameli kwa bunduki ya kawaida, sekunde kama 20 ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kikombe hicho kipo maabara, hakiendi Tanga. Nilichofanya kabla ya chuo kufungwa ni kuchukua kopo dogo la nyanya, nikalitoboa katikati kwa keekee ya milimita 4, nikalisugua tundu lisiwe na ukwaru, kisha nikapima kitu kimoja kwa vyombo vyote viwili: mafuta ya alizeti ya kupikia, siku hiyohiyo, chumba hichohicho. Kikombe cha maabara kikatoa sekunde 17, kopo langu 23. Nikapiga hesabu ya uwiano: sekunde 20 za kikombe ni kama 27 za kopo. Si kipimo cha kupeleka kwenye jarida la kitaaluma, lakini kwa gereji kinatosha. Na ukiyatazama matokeo yenyewe utagundua jambo la manufaa kwako usiye na maabara: rangi iliyo tayari kupuliziwa ni nzito kidogo tu kuliko mafuta ya alizeti. Mimina vyote viwili kutoka kijikoni, ulinganishe. Hutakosea sana.

Tukapima lita moja ya rangi yetu saa moja asubuhi. Bila thina, sekunde 70. Mililita 100 za thina zikaishusha hadi 45. Nyingine 50, ikawa 34. Nyingine 50, ikawa 27, tukasimama. Angalieni namba hizo: mililita 100 za kwanza zimeondoa sekunde 25, na 100 za pili zimeondoa 18 tu. Thina ya mwanzo ndiyo yenye nguvu, kwa hiyo mkono wa kumimina uwe mzito hasa mwanzoni, maana kuongeza unaweza, kutoa huwezi. Saa nane mchana kopo lilelile, bila kuongezwa tone, likatoa sekunde 23. Fundi akacheka, akasema sasa nimeelewa kwa nini yeye mchana huwa anaiacha thina kabatini. Alikuwa anajua siku zote. Mimi nilikuwa naandika alichokuwa anajua.

Kabla ya kupima, koroga. Najua mnajua, lakini koroga kweli. Pigmenti nyeupe ni nzito mara nne kuliko maji na inalala chini kama matope ya mtaro. Fimbo iguse sakafu ya kopo na ukwangue pembeni, halafu mimina kutoka kopo hili kwenda lile, na kurudi, mara kadhaa. Ukishatia thina, chuja. Sisi tulitumia soksi ndefu za nailoni za dada, ambazo hakuzitoa kwa hiari.

Thina gani? Hapa ndipo tulipoumia.

Thina ya enameli ni ya jamii ya tapentaini ya madukani; harufu yake iko karibu na mafuta ya taa. Ile nyingine, thina ya nitroselulosi, ambayo mafundi wanaiita thina ya ensii, ni kali: ina viyeyushi vya aina ya tolwini, asetoni na ndugu zake, na inanukia kama kiondoa rangi ya kucha kilichochanganywa na ndizi mbivu. Makopo yanafanana. Siku tuliyoishiwa, kijana wa gereji alitumwa dukani, akaambiwa na muuzaji "zote ni zilezile", akaja nayo. Mlango wa nyuma wa kushoto tulikuwa tumeupulizia Jumamosi. Mdudu akatua, akajipaka, akafa. Jumatatu tukausugua kwa msasa wa maji pale alipotua na kuupulizia mkono mwingine, na thina mpya ndiyo iliyokuwemo.

Ilichukua kama dakika tano. Mlango mzima ukaanza kukunjamana mbele ya macho yetu, kama ngozi ya vidole vya mtu aliyefua kutwa. Mjomba hakusema kitu, akatoka nje.

Nini kilitokea? Rangi ya Jumamosi ilikuwa imekauka juu lakini haijaiva. Viyeyushi vikali vikapenya chini ya ile ngozi changa, rangi ya ndani ikavimba, haikuwa na pa kwenda, ikajikunja. Na tusimlaumu muuzaji peke yake. Hata kwa thina sahihi, enameli ina kipindi kibaya, kuanzia saa kadhaa baada ya kupulizia hadi siku kadhaa, ambacho mkono mpya unaweza kuikunja. Ama unamaliza mikono yako yote siku moja, ama unaisubiri iive. Muda umeandikwa kwenye kopo, nao unatofautiana kati ya rangi na rangi. Sisi tulifanya makosa mawili kwa mpigo: thina isiyo yake, kwenye siku isiyo yake. Mlango ule tuliukwangua hadi kwenye bati, tukaanza na praima upya, ikatugharimu wiki nzima na karibu nusu lita ya rangi ambayo hatukuwa nayo ya kuchezea.

Tangu siku hiyo nina desturi ya kunusa. Matone mawili kwenye kitambaa, peperusha usoni kwa mbali kidogo, usiingize pua koponi. Ikinukia saluni ya kucha, irudi dukani.

Na petroli? Najua mitaani inatumika. Fundi mwenyewe alikiri kuitumia ujanani. Mvuke wake unawaka kwa cheche yoyote, na kompresa ina swichi inayotoa cheche kila inapojiwasha. Sihitaji kuendelea. Mafuta ya taa hayalipuki hivyo lakini yanaruka polepole mno na kuacha utelezi. Rangi inabaki inanata wiki nzima na kukusanya vumbi lote la mtaa. Kitu kingine cha moto ambacho watu hawakijui: matambara yaliyofutia rangi ya mafuta, ukiyarundika pembeni, yanaendelea kuvuta oksijeni na kutoa joto, na rundo likishindwa kupoa linaweza kuwaka lenyewe. Yatandaze nje yakauke, au yazamishe kwenye ndoo ya maji. Na rangi ya zamani ya gari usiisugue kavu. Rangi za miaka ile nyingi zilikuwa na risasi. Tumia msasa wa maji, uoge kabla ya kula.

Sasa nije kwenye kuchanganya rangi yenyewe, maana hapo ndipo ugomvi wa nyumbani ulipozuka.

Gari lilikuwa la buluu hafifu yenye ukijivu ndani yake. Nje jua lilikuwa limeila hadi ikawa kama chaki, kwa hiyo huwezi kulinganisha na nje. Unatafuta mahali pasipofikiwa na jua. Sisi tuliondoa kifuniko cha kisanduku cha dashibodi, upande wa ndani, tukakipiga polishi, na rangi ikatoka safi. Hicho ndicho kilikuwa kiolezo chetu. Tukachanganya kwa uzito, kwenye mzani wa mama wa maandazi na baadaye kwenye mzani mdogo wa sonara jirani, kwa sababu pigmenti nyingine zina nguvu za ajabu. Buluu ya kisasa gramu tatu zinaweza kuibadilisha gramu mia ya nyeupe, na nyeusi ni tone kwa tone. Daima unaanza na rangi nyepesi na kuipelekea nzito. Ukianza na nzito kutafuta nyepesi, utamaliza nyeupe yote ya duka.

Kila jaribio nililipulizia kwenye kipande cha bati na kuliacha hadi kesho yake, kwa sababu enameli ikiwa mbichi haina rangi ileile ikikauka. Nyingi zinazama kidogo kuelekea giza. Halafu unatazama kwenye jua, kivulini, na usiku chini ya taa ya tyubu. Rangi mbili zinaweza kuwa mapacha juani na zikaachana kabisa chini ya taa, ikiwa zimetengenezwa kwa pigmenti tofauti. Jaribio la tisa ndilo lililopita kote. Nyeupe, buluu, nyeusi kidogo, na tone la njano ya udongo. Tukazidisha hesabu na kuchanganya yote mara moja, galoni nzima na akiba juu, chapa moja ya rangi mwanzo hadi mwisho. Usichanganye nusu leo na nusu keshokutwa. Jicho litaona mpaka.

Tukampelekea babu kile kipande cha bati. Akakileta karibu na uso, akakigeuzageuza.

"Siyo," akasema. "Rangi ya gari langu ilikuwa buluu. Hii ni maji ya mtoni."

Nikampa na kifuniko cha dashibodi, alinganishe.

"Na hiki kimefifia vilevile, mjukuu wangu. Nilikuwa naliosha kila Ijumaa. Unataka kunifundisha rangi ya gari langu?"

Mjomba akasema gari ni la mzee, ongeza buluu. Fundi akasema mwenye mali ndiye mwenye jicho. Mimi nikawa peke yangu na mzani wangu. Nilijua, kwa kusoma, kwamba lenzi ya jicho lenye mtoto wa jicho huwa ya manjano hata kahawia, na inachuja buluu kabla haijafika nyuma ya jicho. Babu alikuwa anatazama bati letu kupitia chai ya rangi, na kulilinganisha na kumbukumbu aliyoiweka kichwani akiwa na macho mazima. Ndiyo maana hata kiolezo chenyewe alikiona kimekosea. Lakini utamwambiaje mzee jambo hilo bila kumkosea adabu? Nilijaribu. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa, daktari." Nikanyamaza.

Kuna jambo jingine lililonisumbua zaidi, na hili sikumwambia mtu hadi nilipolihakikisha. Rangi za alkidi zikikaa gizani muda mrefu zenyewe hugeuka manjano, na zikirudishwa kwenye mwanga huwa zinarudi kwa kiasi. Kiolezo chetu kilikuwa kimekaa gizani zaidi ya miaka arobaini. Kama rangi yake ilikuwa ya jamii hiyo, basi nilikuwa nimelinganisha kwa uaminifu mkubwa na kitu kilichobadilika. Nikakifunika nusu kwa karatasi ngumu nyeusi, nikakianika juu ya paa la choo kwa siku nane. Nilipoondoa karatasi kulikuwa na mstari. Mwembamba, unahitaji kuinamisha kichwa kuuona, lakini upo. Nusu iliyoonja jua ilikuwa buluu zaidi.

Kwa hiyo babu alikuwa amekosea, na mimi pia nilikuwa nimekosea, kila mtu kwa sababu yake. Nikaongeza buluu kwenye galoni, kidogo sana, gramu kwa gramu, hadi ikafika kwenye ile nusu ya jua. Haikukaribia alichotaka yeye. Hiyo ndiyo tuliyopulizia.

Kupulizia kwenyewe kulichukua siku moja. Tulianza alfajiri, upepo wa bahari ukiwa bado haujaamka, sakafu imemwagiwa maji vumbi lisinyanyuke. Mkono wa kwanza ni mwepesi, wa kushika tu, bati bado linaonekana kwa mbali. Dakika ishirini. Mkono wa pili ndio wenye maji, bunduki inatembea sambamba na bodi bila kupinda kiwiko, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia. Nusu saa. Wa tatu, na hapo unaacha. Kwenye boneti fundi alinipa bunduki. Kuna kamchirizi kamoja karibu na taa ya kulia ambako ni kangu, na sitakasugua. Saa nne asubuhi tulikuwa tumemaliza, ikabaki kulinda mbu na watoto. Jioni tulilisukuma chini ya paa, kwa sababu umande ukiangukia enameli changa unaamka na ukungu badala ya mng'ao.

Upasuaji wa jicho la kwanza ulifanyika wiki ya mwisho ya likizo yangu. Siku ya pili wakamfungua bandeji, na aliporudi nyumbani hakuingia ndani, alikwenda moja kwa moja mwembeni na fimbo yake. Alisimama mbele ya gari muda mrefu. Akafumba jicho lililopasuliwa, akatazama. Akafumbua, akafumba lile ambalo bado, akatazama tena. Akarudia hivyo mara tatu nne, kama mtoto.

"Njoo," akaniita. "Nina magari mawili hapa."

"Lipi ndilo, babu?"

Akaonyesha jicho jipya. Kisha akatembeza kiganja juu ya boneti, akafika karibu na taa ya kulia, akasimamisha kidole.

"Hapa nani alipulizia?"